Soksi Kwenye Waya wa Vipimajoto

Dada Rehema, shikamoo. Nakuandikia kutoka Tukuyu nikiwa nimevaa sweta mbili, na mvua bado inanicheka.

Kiwanda kidogo cha chai kilichoniita kina vipimajoto saba vinavyopeleka taarifa ofisini kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kila mota ikiwashwa, taarifa zilivurugika na chai ikaungua kwenye kikaushio. Meneja alisema nisipopata dawa leo atamwita fundi mwingine. Nikazifuata nyaya hadi uani kwa Mama Atupele, jirani wa kiwanda. Alikuwa amezifumua, akabana soksi na kanga katikati.

"Hapa sihitaji vibanio vya nguo, mwanangu," alinieleza.

Nikamwambia vipimajoto vinaongea humo, na msokoto ndio unaozuia kelele za umeme wa mota zisiingie.

"Mbona sijawahi kuvisikia?"

Nikazisokota upya, nikamfungia kamba ya manila ya kuanikia. Mota ikawashwa, vyote saba vikajibu. Meneja alinipa mkono. Mama Atupele alinipa sahani ya ndizi na maharage, akauliza kama naweza kumtengeneza mumewe pia, maana akiitwa hajibu.

Wabusu watoto. Nawaletea maparachichi, Mungu awatunze.

Mdogo wako, Idi