Mashine Isiyoongea na Mtu

Jumamosi, 13 Septemba

Nimerudi kutoka mjini mikono mitupu. Tena! Duka la Lazarus lina maiki nne. Zote nimezishika, zote nimezirudisha. Lazarus ni Mkamba wa Mwingi, anatengeneza redio na kurekodi kwaya za kanisa. Ana subira, lakini leo nilimwona akiangalia saa.

Nimemwambia ni za shule, eti nawarekodia watoto wa Gredi ya Saba fasihi simulizi. Uongo wa mwalimu wa Kiswahili, umenyooka mpaka sarufi.

"Basi chukua hii, mwalimu," akasema, akainua ile nyeupe ndefu. "Hii inasikia mpaka inzi akitua."

Hiyo ndiyo shida yenyewe. Kwetu kuna inzi, kuna mbuzi wa jirani, kuna jenereta ya hoteli upande wa pili. Sitaki maiki inayosikia kila kitu. Nataka inayonisikia mimi.

Mchagua jembe si mkulima. Kila mwaka naifundisha methali hii, na kila mwaka hainisaidii.

Jumapili, 14 Septemba

Kwa nini si simu? Niandike leo ili nisijiulize tena.

Simu ninayo, inarekodi, bure. Lakini kuna mambo ya Kaaha. Binamu yangu Kaaha aliimba buraanbur, yale mashairi yetu ya wanawake ya ngoma na makofi, kwenye arusi ya wanawake pekee. Mlangoni simu zote ziliwekwa kwenye beseni. Mtu mmoja akaficha yake. Hina haijakauka, sauti ya Kaaha imeshafika mji wa Eldas, kwenye simu za wanaume wasiomjua. Hakufanya kosa lolote, na hajaimba tena. Siku hiyo kaka yangu Bishar alipiga kutoka Minneapolis, akasema mbele ya wote kwamba sauti ya dada yake asije akaisikia kwenye simu. Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikasema sawa.

Kwa hiyo nahitaji mashine isiyoongea na mtu.

Na kwa nini nirekodi hata kidogo? Kwa sababu ya hooyo. Mama yangu Osob — mashairi yake bado yanaimbwa mpaka Wajir, lakini sauti yake haipo popote. Nimetafuta. Hakutaka kurekodiwa, akafariki, akaondoka nayo yote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nakumbuka tu kwamba ilikuwa nzuri, yenyewe siisikii tena kichwani, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kumwambia mtu. Mimi sitaki kuondoka hivyo.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Habaryar Ramlo, mdogo wake hooyo, ninayeishi naye, anakijua cha sokoni tu. Hakisomi.

Jumatano, 17 Septemba

Kompyuta! Sijui kwa nini sikuiwaza. Ile ya zamani ya Bishar, aliyoiacha sandukuni alipokwenda Marekani. Nimeifuta vumbi, ikawaka. Picha yake bado iko kwenye kioo, amesimama kwenye daraja la Tana na miwani ya jua, anajiona mtu. Nyumba yetu haina intaneti. Kitakachoingia humo kitabaki humo.

Nimepita tena kwa Lazarus. Sasa kuna mjadala mwingine: maiki ya kuchomeka moja kwa moja, au ya kupitia kisanduku chenye matundu mawili, sauti huku, ngoma kule? Insha za Gredi ya Saba zimekaa mezani bila kusahihishwa. Nimetembea chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni mpaka Habaryar akauliza kama nimeumwa na siafu.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimenunua. Nyeusi, fupi, nene, na kisanduku chake.

"Hii ni kiziwi kidogo," Lazarus alisema. "Ya mbali haisikii. Lazima uibusu." Halafu akakumbuka anaongea na nani, akaanza kupanga betri kwenye rafu, betri zilizokuwa zimepangwa tayari. Nilicheka mpaka barabarani.

Nyumbani Habaryar aliigeuzageuza mkononi. Ya nini? Ya shule, nikasema. Akasema ina nyaya nyingi kuliko shule yenyewe.

Mahali pa kuimbia: kabati la nguo. Lazarus aliwahi kusema nguo zinameza mwangwi, na kabati letu limejaa, hata madirii ya hooyo, magauni yake mepesi ya sherehe, bado yamo, yananuka uvumba wa uunsi. Saa ya kuimbia: baada ya adhuhuri, mji mzima umelala, maduka yamefungwa. Lakini feni lazima izimwe, maana hata kiziwi anaisikia. Joto hili la Garissa, feni imezimwa, kichwa kabatini! Nimetoka na baati, gauni langu la nyumbani, limelowa kama nimevuka mto.

Nilichopata: makorongo wakitembea juu ya mabati. Na mbuzi.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimejisikiliza. Vibaya. Nasikika kama mtu anayesoma tangazo la karo.

Nimesogeza maiki. Nimeinua, nimeshusha. Nimeweka soksi juu yake. Nikaanza kuwaza ile nyeupe — labda Lazarus atakubali tubadilishane? Nilishavaa viatu.

Habaryar alikuwa anakoroga chungu, mgongo kwangu. Akasema bila kugeuka, "Unaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Dada yangu aliimba kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya kisima."

Kumbe alishajua. Shule gani tena.

"Hiyo mashine haina makosa," akasema. "Vua viatu. Kesho kutwa, nikimaliza kufua, niletee jerikeni. Hakuna anayesimama kuimba bila wa kumpigia ngoma."

Jumatano, 24 Septemba

Tumeimba. Wawili, milango ya kabati wazi, yeye chini na jerikeni tupu katikati ya magoti, mimi wima mbele ya madirii. Shairi la hooyo la kumuaga binti anayeolewa, lote, bila kusimama. Katikati nilisahau maiki. Nilisahau hata Kaaha. Mapigo ya mkono wa Habaryar yalikuwa yananisukuma mgongoni na mimi nikaenda, nikaenda. Nilifurahi! Sijui mara ya mwisho nilifurahi hivyo lini.

Nilimvalisha Habaryar hedfoni asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, akazivua, akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Alhamisi, 25 Septemba

Mgeni leo: fundi wa waifai. Bishar amelipa ili Habaryar awe anamwona uso. Tulimwona kwenye kompyuta, kwenye kioo kikubwa, waifai nimeiunganisha mimi mwenyewe. Habaryar akasema amenenepa. Bishar akasema ni kamera. Tukacheka sana.

Rekodi niliifunga kwanza. Mimi si mjinga.

Ijumaa, 26 Septemba

Ni mjinga.

Asubuhi Gredi ya Saba tulikuwa na methali. Kikulacho ki nguoni mwako. Halafu mapumziko, nikatazama simu: Bishar, ujumbe wa sauti. Na juu yake mstari mmoja wa maandishi, kwamba kuna wimbo umejiingiza kwenye simu yake, kutoka kompyuta ya zamani.

Akaunti ya kompyuta ni yake. Bado ni yake! Miaka yote hii imekaa humo inangoja intaneti impelekee kila kilichomo, nami nikaipa. Nilichagua maiki wiki nzima, sikuwaza hata mara moja kompyuta ni ya nani.

Sikufungua ule ujumbe. Nilifundisha vipindi viwili sijui nilisema nini. Niliwaza nitarudisha maiki, nitaapa, nitasema ni mwanafunzi. Nyumbani niliufungua mbele ya Habaryar, nikijua Bishar atatufokea mimi na yeye pamoja.

Bishar alikuwa analia. Kaka yangu, anayefanya kazi usiku kwenye ghala la watu wasiomjua, analia katikati ya masanduku.

"Abaayo, dada yangu, umeipata wapi? Nani alimrekodi? Ni hooyo. Nimesikiliza tena na tena, ni yeye, na anayempigia ngoma ni Habaryar, mkono wake naujua. Kwa nini hamkuniambia ipo?" Watu wanapita nyuma yake. "Nimempigia mjomba, Abti Kulow, huko Buna. Kesho wanakutana kwa ndoa ya mwanawe, watu wote. Anataka aiweke kwenye spika, ukoo umsikie dada yake. Nikimaliza zamu namtumia."

Tuliusikiliza mara mbili. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nilitaka kutoka nje nikimbie. Sauti ya hooyo ipo! Iko kooni mwangu, nami sikuijua.

Nikinyamaza, kesho naimba mbele ya wanaume wote wa Buna kwa jina la marehemu. Nikisema, namuulia Bishar mama yake mara ya pili, na najifunga mdomo kama Kaaha.

Nimeandika ujumbe nikaufuta. Nikaandika tena. Nikamwambia Habaryar ndiye amwambie Bishar, maana yeye ni mkubwa. Akasema yeye alikuwa mkono tu, mdomo ulikuwa wangu.

"Atasema nini, Habaryar?"

Akainuka, akaenda kuleta jerikeni.

Simu imeita, ni Bishar. Sikushika. Zamu yake imekwisha sasa.

Inaita tena. Habaryar anasema nishike lakini nisieleze kitu, maneno atayakataa. Nimwimbie, ajue mwenyewe ni nani. Ameshavuta jerikeni katikati ya magoti, ananitazama.

Nimezima feni.