Mteja wa Saa Kumi

Mwenzio nimekwisha. Nimejifungia chooni kazini. Usinipigie, soma tu.

Unajua kazi yangu. Watu wanamwandikia Kocha wa familia inboksi, mimi najibu kwa jina lake mpaka wakubali kupigiwa simu, kisha yeye anawauzia kozi.

Sasa kuna mama nimechati naye wiki nzima, akaunti yake ina picha ya ua tu. Analalamika kuhusu mke wa mwanawe. Eti ana kiburi, eti akija kumsalimia macho hayatoki kwenye simu. Nikamjibu, "Pole mama, huyo hana adabu."

MIMI! Kwa vidole vyangu hivi!

Jana nikamshauri, "Anza wewe, mama. Mwombe jambo moja dogo."

Leo katuma namba apigiwe saa kumi. Naiandika tu, simu inaniletea jina: MAMA MKWE.

Mama. Mkwe. Wangu.

Nikakimbilia kwa Kocha. Sijafungua mdomo, akanong'ona, "Sauti imenikauka. Huyo wa saa kumi mpigie wewe, ameshaiva."

Nikasema siwezi. Akasema, "Ukimpoteza huyo, na wewe potea."

Basi nikapanga kubana pua, niongee kama mwenye mafua. Saa hizi ni tisa na nusu.

Halafu ujumbe ukaingia kwenye namba yangu mwenyewe:

"Mwanangu, njoo tukae wote saa kumi. Kuna simu naisubiri, naogopa kuipokea peke yangu."

Miaka sita ya ndoa. Hajawahi kuniita mwanangu.