Mwanga wa Kichwani mwa Panya Wako

Lado mwanangu,

Anayeandika ni Keji, binti yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupunguza neno. Shule sikuiona, hilo unalijua, lakini mdomo ninao.

Nakushukuru. Naanza na hilo, nisije nikalia kabla sijalisema.

Unakumbuka ulivyokuja kutuona hapa mtaani kwetu Munuki, bendera mpya ya uhuru ikiwa bado haijapauka? Ulinionyesha kwenye simu kazi uliyokuwa ukifanya huko ng'ambo. Nikaona doa la kijani linapepesa. "Mama, hii ni seli ya ubongo wa panya." Nikakuuliza, umesoma miaka yote hiyo ukachungulie kichwa cha panya? Ulicheka mpaka ukashika mlango. Kisha ukanieleza taratibu. Kuna mnyama wa baharini anayeng'aa, mmechukua protini yake, mkaitengeneza, mkaipandikiza kwenye seli. Umeme ukipita, mwanga unabadilika na kamera inanasa. Kihisi, uliita hivyo. Chako kilikuwa kinafifia umeme ukipita. Nikasema, kama balbu zetu jirani akiwasha pasi. Ukasema wenzako kazini hawajawahi kueleza vizuri namna hiyo. Uongo ule niliupenda.

Halafu ukaona kikombe cha Keji kimewekwa peke yake. Ni mimi niliyekitenga. Tangu kifafa kimwanze nilimtengea kikombe na sahani, maana hapa wanasema povu linaambukiza. Hukunigombeza. Ulikichukua, ukanywa chai aliyobakiza, ukafuta mdomo. "Mama, ni umeme ule ule, ila kwake unapita kwenye seli nyingi kwa mpigo mmoja. Hauambukizi kwa mate." Nikauliza kama mashine yako itamponya. Ukasema hapana, nyinyi bado mnatazama tu, dawa yake ni vidonge, asikose hata siku moja. Hukunidanganya. Kwa hilo pia, asante.

Sasa ya huku. Vita vimerudi. Ulipougua huko, ukazikwa huko, tulikulilia hapa bila mwili. Siku ya tatu ya matanga Keji akaanguka karibu na mafiga. Wanawake wote wakarudi nyuma, mmoja anasema, "Haboba, bibi wewe, usimguse, utaambukizwa." Nilimvuta, nikamlaza ubavu, nikampangusa povu kwa lawa, shuka niliyojifunga begani. Nikawaambia, mmekuja kumlilia baba huku mnamwacha mtoto aungue? Na nilitukana kidogo, Lado. Nisamehe, yalikuwa matanga yako.

Kisha shule. Mwalimu mkuu, Mkenya mpole, akaniambia wazazi wanalalamika, Keji akae nyumbani. Nikatoa simu nikamwonyesha panya wako, nikamweleza. "Shosho, haya mimi sikuyasoma." Nikamjibu, mimi sikusoma chochote na nimeelewa, wewe utashindwaje? Akacheka, akaomba aone tena. Juzi akawaita wazazi. Nilisimama mbele yao nikakiri kwamba mimi mwenyewe nilimtenga mjukuu wangu, tena miaka. Ilinichoma, mwanangu, na Keji alikuwa pale anasikia. Wawili waliondoka wamenuna. Waliobaki walikubali, na Keji amerudi darasani. Mwalimu sasa anajua kumlaza ubavu. Nilimfanyisha zoezi, akalala yeye mwenyewe sakafuni na tai yake.

Kilichobaki ni vidonge. Barabara ya Uganda ikifungwa, maduka ya dawa ya soko la Custom yanabaki na rafu tupu. Nitatafuta. Nitaomba, nitagombana, nitapanda boda boda na mifupa hii. Na kwa kuwa mimi sitaishi milele, namfundisha jirani yetu, mama mmoja Mganda, ampe dawa kwa saa yake. Mkaidi kama mimi, ndiyo maana nimemchagua.

Keji anafuta macho, nimemwambia amalize. Lala, baba. Mtoto wako hatakosa kidonge, na akianguka hatakosa mkono.

Mama yako. Hiki hapa chini ni kidole changu.