Watoto wa Manibe na Somo la Kumi na Sita

Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Lobule.

Zubeda,

Asubuhi imenyesha, kisha jua likatoka kali, na sasa udongo wa shamba la muhogo unatoa mvuke. Sijala chakula cha mchana. Si kwa huzuni. Nimesahau tu.

Leo nimeingia kwenye mkutano wenu. Nitaeleza yote tangu mwanzo, maana blogu hii uliyonifungulia ina wasomaji wake wachache, na wao hawawajui wenzako.

Jumamosi ya pili ya kila mwezi, walimu wa wilaya za Koboko na Arua hukutana kwa simu kuzungumza juu ya kufundisha kwa vifaa: simu, spika, kompyuta kwa shule iliyobahatika. Ulikuwa hukosi. Ulipanda juu ya kichuguu nyuma ya jiko, mahali pekee ambapo mtandao haukatiki, kanga kichwani kwa sababu ya jua. Nilipokuletea chai nilipita nimeinama, ili wenzako wasione fulana yangu iliyotoboka.

Leo mimi ndiye niliyepanda kichuguu.

Mwalimu Candia, anayeongoza mkutano kutoka Arua, alikuwa ameniandikia wiki iliyopita. Wanataka kubadilisha baadhi ya masomo yako ya sauti. Yale ya Kiswahili uliyorekodi hapa nyumbani, ambayo shule zisizo na mwalimu wa Kiswahili huwachezea watoto kwa spika ndogo. Unasema sentensi, unanyamaza, watoto wanarudia. Ulipanga yawe masomo ishirini, ukayaandika yote kwenye daftari. Kurekodi, ulifika la kumi na saba.

Nilikuwa na jibu langu. Niliandika kwenye karatasi ili nisiyumbe: Hapana. Yaacheni kama alivyoyaacha.

Lakini nilifanya kosa kabla hata ya kufungua mdomo. Simu yangu ni ile ndogo ya vitufe, kwa hiyo nilitumia yako. Sikufikiria habari ya jina. Kwenye simu za watu wote, kutoka Arua mpaka huku mpakani, likatokea jina lako: Mwalimu Zubeda ameingia.

Hao ni watu waliokuja kukuzika.

Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. Wakanyamaza. Nilimsikia mbuzi wa mtu fulani akilia, kisha sauti ya mwanamke: "Yesu wangu. Nani hii iko naingia?"

"Mwalimu Zubeda?" Candia aliuliza polepole sana.

Nikahangaika kutafuta pa kufungulia kamera. "Ni mimi," nikasema. "Ni bwana yake."

"Ee, shemegi!" Alikuwa Madam Ayikoru wa shule ya Manibe, rafiki yako mwenye kicheko kikubwa. "Wewe nataka kuua sisi hapa?" Kisha akasikia alichosema. "Pole, shemegi. Pole sana. Mdomo yangu haina breki."

Nilicheka. Sijui kama ni vibaya. Tangu tulipokuzika Machi, ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitania badala ya kunionea huruma.

Nikasoma karatasi yangu. Hakuna aliyebisha. Candia alisema asante, na kwamba wataheshimu neno la nyumbani. Ningeweza kukata simu hapo hapo nikashuka.

Ayikoru akaomba kusema.

"Shemegi, mimi sisemi sauti yake iko mbaya. Watoto yangu napenda yeye kabisa. Asubuhi nauliza mimi, 'Mwalimu wa spika iko wapi?' Lakini ile somo ya kumi na sita... Yeye nasema, 'Mama anapika ugali.' Halafu nakohoa. Na watoto, darasa yote, narudia: 'Mama anapika ugali,' halafu nakohoa. Mara mbili, kama yeye. Nafikiri ile kukohoa iko ndani ya somo."

Hakuna aliyecheka.

"Mimi nazima spika," akasema. "Sasa tukifika ya kumi na tano, tunarudi ya kwanza. Watoto nauliza mbona haiishi."

Kikohozi hicho nakijua. Mara mbili, kifupi, halafu cha tatu ambacho ulikuwa unakimeza ili kisiingie kwenye simu. Nilikaa nje ya mlango nikisubiri umalize. Nilikuambia upumzike, ukaniambia imebaki sentensi moja. Ilikuwa inabaki sentensi moja kila siku.

Na watoto wa Manibe wamekishika bila kujua ni nini.

Karatasi yangu ilikuwa bado mkononi. Niliona kwamba niliandika kwa ajili yangu mwenyewe. Sikuandika hata neno moja juu ya watoto.

Ndipo Candia akaleta jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kuna programu ya kompyuta. Ukiipa sauti ya mtu, inaishika, kisha inasoma maandishi yoyote kwa sauti hiyo. "Tunaipa ile kumi na tano ambayo iko safi," alisema. "Halafu tunaipa daftari yake. Itasoma upya ya kumi na sita na kumi na saba, na ile tatu ambayo ilibaki. Hakuna kukohoa. Itakuwa yeye kabisa, mwalimu wetu." Alisema kwa moyo mzuri. Candia alikulilia kama anayemlilia dada yake.

Zubeda, nakiri. Nilitaka.

Nilitaka sana. Masomo yako yote kumi na saba nimeyasikiliza mpaka najua ni somo lipi jogoo anawika na lipi nasikika nikiuliza kiberiti kiko wapi. Hakuna tena neno jipya kutoka kwako. Na huyu ananiambia yapo masomo matatu mazima.

Halafu nikajiuliza, baada ya la ishirini itakuwaje. Najijua. Ningemwomba Candia aiandikie mashine habari za hapa nyumbani. Ningemwomba aiandikie jina langu. Ningekaa nikiisikiliza, na ingekuwa inasema maneno ambayo nimeyatunga mimi, na siku moja ningesahau yapi uliyasema kweli.

Watoto wanahitaji masomo matano. Aliyehitaji sauti ni mimi.

"Nitasoma mimi," nikasema. "Ile kumi na tano iwache vile iko. Hii ingine nitasoma mimi."

"Lakini," Candia akasema, "wewe si mwalimu, ndugu yangu. Na Kiswahili yako ni ya kambi."

Sasa walicheka wote, na walikuwa na haki. Baba yangu alikuwa askari, nami nilikulia kambi ya jeshi. Kuandika naandika, wewe ndiye uliyenikalisha chini na kunisahihisha mpaka nikaweza, lakini mdomo wangu haujatoka kambini.

"Tutasikia kwanza," Candia akasema. "Ikiwa mbaya, tunarudisha."

"Watoto yangu itacheka wewe, shemegi," Ayikoru akasema.

"Wacheke."

Wakakubali. Nimepewa mpaka Jumamosi ya pili ya Septemba.

Nimeshuka, nikatoa daftari lako kwenye sanduku. Kabla ya kurudia la kumi na sita, nimeanza kurekodi la kumi na nane, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisema. Sentensi ya kwanza ni, Shangazi amefika kutoka Arua. Nimesema "shangazi imefika". Nimefuta. Nimesema tena, vibaya tena. Mara ya nne nimesema kama ulivyoandika.

Baada ya kila sentensi umeandika kwa kalamu nyekundu: subiri. Nimesubiri. Sekunde chache tu, kwa ajili ya watoto kurudia, lakini zimekuwa ndefu. Sikuwahi kujua kwamba hiyo pia ilikuwa kazi.

Nitasoma yote. Polepole, ila nitasoma. Sijui watoto wa Manibe watafikiri ni nani huyu mwenye sauti nzito aliyechukua nafasi yako. Madam Ayikoru atawaeleza.

Mimi nakukumbuka bila shida, kutwa nzima. Nawe, kama huko mtu anaruhusiwa, nikumbuke.