Vyungu vya Bibi Kizee

Mikumi, Jumapili usiku

Uchafu mtupu. Na shemeji anasema ni gemu ya video ya familia nzima, ati kwenye boksi wamechora baba, mama na watoto wanacheka! Kaileta kutoka Dar, nami nikasema hakuna mtoto atakayeigusa kabla sijaikagua mwenyewe.

Damu hamna, kweli. Kijana anazunguka msituni akitafuta hazina. Lakini akifika kwenye nyumba ya watu anaingia tu, bila hodi. Bibi kizee kasimama jikoni kwake, yeye anamvunjia vyungu kimoja kimoja, anaokota dhahabu, huyo katoka. Shikamoo hakuna. Samahani hakuna. Na bibi wa watu anatabasamu!

Ilibidi nicheze mpaka nijue mwisho wake. Ndivyo nilivyojiambia.

Nilikuwa nyumba ya saba, navunja tu, binti yangu Zawadi alipoingia kwa mlango wa uani akanigusa bega.

"Mama, bibi amepiga hodi mara tatu."

Nikageuka. Mama mkwe wangu, katoka Kilosa, kasimama mlangoni na kapu la mchele bado kichwani. Hajapokewa. Na mimi ndiye ninayewafokea watoto wakichelewa kuamkia wakubwa...

Shikamoo ikanitoka huku kifaa cha kuchezea kiko mkononi.

"Marahaba. Endelea tu, mwanangu, usijisumbue."

Akatabasamu. Tabasamu lile lile la bibi wa vyungu.