Fimbo ya Jasuben

Getu upo? Usipige simu, baba yuko sebuleni atasikia.

Leo mama kasafiri, nikampeleka mimi baba kwenye kile kikundi chao cha wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Tumefika geti la stendi ya Buzuruga, miguu yake ikaganda. Ikaganda kabisa! Basi linataka kutoka, sisi tumeliziba njia, honi juu ya honi. Namvuta mkono kwa nguvu zote, ndiyo kwanza anazidi kukakamaa.

Konda akafoka, "Mlevi wa nani huyu, saa tatu asubuhi?" Watu wakacheka. Akanigeukia, "Dada, mzee ni wako?"

Nikasema hapana.

Getu, nilisema HAPANA. Na mkono nikamwachia.

Mara akatokea Jasuben, mama wa Kihindi wa kikundini, naye anatetemeka vilevile. "Asivutwe! Miguu ikiganda, inataka kitu cha kuruka." Akalaza fimbo yake chini, mbele ya viatu vya baba. "Mzee Mashimba, ruka fimbo."

Baba akainua mguu. Akaruka. Akatembea!

Jasuben bila fimbo akayumba, akanishika bega. "Na wewe ni nani?"

Baba akajibu, "Binti yangu. Ndiye aliyekuwa amenishika mkono."