Maneno Uliyoyameza Mlangoni

...Na ndiyo, mama, ninakula vizuri, hilo lisikusumbue tena. Mama mkwe ananijazia sahani mpaka Stathis anamuuliza kama ananinenepesha kama kondoo wa Pasaka. Nakusalimu sana, mama yangu mpenzi. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko milimani? Sisi hapa mjini Ioannina tu wazima, nami nina furaha nisiyojua niiweke wapi. Ee mama, huyu Stathis! Kila jioni anarudi ananukia mbao, na kabla hajavua koti ananiita mke wangu, kana kwamba bado haamini. Hata mimi siamini.

Jumapili alikuja na habari. Tumepata kazi ya kiwandani Ujerumani, sote wawili. Nilimrukia shingoni nikicheka, mara nikakuona wewe peke yako kando ya jiko, machozi yakanitoka. Mama mkwe akaniambia niamue basi, bibi harusi, nalia au nacheka, maana supu inapoa. Nikajikuta nikisema maneno yako: furaha yangu chungu, nuru yangu nyeusi.

Akaweka kijiko chini, akauliza nimeyatoa wapi. Nikamweleza kwamba ndivyo akina mama wa kijijini kwetu wanavyomwimbia binti anapotoka mlangoni kwenda kuolewa. Akashangaa: mbona basi siku ya harusi mama yako alisimama kimya kama nguzo? Kumbe tangu siku ile anadhani hukumtaka mwanawe!

Mama, nisamehe. Nilikwambia watu wa Stathis wanaona ni mkosi kumliza bibi harusi. Hawakusema hivyo kamwe. Ni mimi niliyeuonea aibu wimbo wetu wa kijijini, mimi na shule yangu ya sekondari. Nilitaka furaha tupu, isiyo na weusi ndani yake. Wewe ukafunika mdomo kwa kitambaa, ukameza wimbo wote. Mama mkwe nimemwambia ukweli. Amenigombeza vizuri, kisha akalia nami.

Nisalimie shangazi Polixeni na majirani wote. Stathis anakubusu mkono. Treni yetu ya kwenda Ujerumani ni mwanzoni mwa mwezi ujao, lakini kabla ya mwezi huu kwisha tutakuja, pamoja na mama mkwe. Nitavaa gauni langu, nitatoka kwa mlango uleule, polepole. Niimbie, mama, usipunguze hata neno moja.

Binti yako,
Chrisavgi